Rekoda ya treki 16 kwenye mikseri ya kanisa, Uyole: shajara ya mradi

Kazi yenyewe

Ukumbi uko Uyole, Mbeya. Mikseri ni ya analogi: chaneli 16 za maiki, chaneli 2 za stirio, na makundi 4 (njia za kukusanya chaneli kadhaa pamoja). Imekaa nyuma ya ukumbi, mita 28 kutoka jukwaani. Kwaya inataka ibada irekodiwe kila sauti na kila chombo kwenye treki yake, ili kuchanganya kufanyike baadaye kwenye kompyuta, kwa utulivu. Rekoda ni ya kufungwa kwenye rafu, ina treki 16, inaandika kwenye kadi ya SD, na sauti inaingia kupitia soketi mbili za DB25 (soketi yenye pini 25), kila moja chaneli 8.

Sharti limewekwa kabla ya kununua hata mita moja ya waya: rekoda isikilize tu. Ikizimika, ikichomolewa, au waya wake ukikanyagwa ukakatika, spika za ukumbini zisibadilike. Aliyekuja kusali hana habari na rekoda, na asiwe na sababu ya kuwa nayo.

Mwenye mikseri ya dijitali hahitaji sehemu kubwa ya kazi hii. X32 ya Behringer, kwa mfano, ikiwekewa kadi ya X-LIVE inaandika treki 32 kwenye kadi mbili za SD bila kuchomea waya wowote. Yanayofuata ni ya mikseri za analogi, ambazo bado ndizo nyingi kwenye kumbi zetu kuanzia Tunduma hadi Iringa.

Wiki ya 1, Jumanne: sauti ichukuliwe wapi

Kugawa waya za maiki kule jukwaani, kabla hazijafika kwenye mikseri, ndiyo njia safi kuliko zote, lakini inataka transfoma moja kwa kila maiki na vikuza sauti vya maiki upande wa rekoda. Rekoda hii inapokea kiwango cha laini tu, yaani sauti iliyokwisha kukuzwa, kwa hiyo njia hiyo imeachwa.

Tumechagua jeki za inseti. Hizi ni zile tundu nyuma ya mikseri ambazo kwa kawaida huwekewa kompresa (kifaa cha kubana sauti inayopanda sana): plagi moja ya stirio ya milimita 6.35, ambamo sauti inatoka kwa mguso mmoja na kurudi kwa mwingine. Kwenye mikseri hii inseti iko baada ya gaini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki) na kichujio cha sauti nzito, kabla ya ikwalaiza (vitufe vya kurekebisha sauti nzito na nyembamba) na feda (kitelezi cha kiwango cha sauti). Ziko mikseri ambazo inseti iko baada ya ikwalaiza, kwa hiyo angalieni mchoro ulio mwishoni mwa kitabu cha mikseri yenu kabla ya kuanza.

Mahali hapo pana maana mbili za kukumbuka daima. Fundi mitambo anaweza kuchezea ikwalaiza na feda anavyotaka, rekoda haisikii chochote. Lakini akigusa gaini, rekoda inasikia. Na kitufe cha kuzima chaneli kiko baada ya inseti, maana yake maiki "iliyozimwa" bado inarekodiwa. Mhubiri mwenye maiki ya kifuani anayezungumza na mzee wa kanisa pembeni anaingia kwenye kadi neno kwa neno. Hili tumewaambia viongozi mapema, na treki ya mhubiri itakatwa sehemu hizo kabla ya faili kumfikia mtu mwingine yeyote.

Kuna ujanja unaojulikana wa kuingiza plagi ya mono nusu, mpaka isikike "tik" ya kwanza tu, ili sauti itoke bila kukata njia ya kurudi. Unafanya kazi kwenye mikseri nyingi, mpaka mtu aguse waya. Plagi ikizama hadi mwisho, chaneli inakufa ukumbini. Hauwezi kukubalika kwa sharti letu.

Jumatano: nani anaingia treki ipi

Treki 1 hadi 4 ni dramu: basi dramu, sneya, na maiki mbili za juu. Ya 5 gitaa la besi kupitia DI boksi (kisanduku kinachounganisha chombo na pembejeo ya maiki, yaani mahali maiki inapoingilia), ya 6 solo, ya 7 ridhimu. Ya 8 hadi 11 ni kwaya: soprano, alto, tena, besi. Ya 12 mwimbaji kiongozi, ya 13 mhubiri. Ya 14 ni maiki ya waumini, inayoangalia mabenchi. Chaneli yake haipelekwi kwenye spika kabisa, ipo kwa ajili ya rekoda peke yake.

Kinanda kiko kwenye chaneli ya stirio, na chaneli za stirio za mikseri hii hazina inseti. Kimepelekwa kundi la 3 na la 4, na matokeo ya makundi hayo yanaingia treki 15 na 16. Hapo feda inasikika kwenye rekodi, kwa hiyo feda ya kinanda na za makundi hayo mawili zimewekewa alama ya utepe mahali pa kukaa.

Jumla: plagi 14 za inseti na 2 za makundi.

Alhamisi hadi Jumamosi: kutengeneza waya

Vifaa: plagi 16 za stirio za milimita 6.35, za chuma, zenye tumbo pana. DB25 dume 2 na vifuniko vyake. Waya wenye jozi 8, kila jozi na wavu wake, vipande viwili vya mita 5. Rizista za omu 1,000, robo wati, asilimia 1, vipande 28 na akiba 12. Risasi ya kuchomea ya milimita 0.7 yenye flaksi ndani; mipira ya kubana kwa moto. Plagi zimepatikana Mwanjelwa. DB25 na rizista zimeagizwa Kariakoo, zimekuja na basi.

Plagi ya inseti imetengenezwa hivi. Plagi ya stirio ina miguso mitatu: ncha, pete na shina. Ncha na pete zimeunganishwa kwa kipande kifupi cha waya ndani ya plagi. Daraja hilo ndilo linalorudisha sauti kwenye mikseri wakati huohuo inapotoka. Faida nyingine ya daraja ni kwamba haijalishi kama mikseri inatoa kwa ncha na kupokea kwa pete, au kinyume chake. Kutoka kwenye daraja, rizista moja inakwenda kwenye waya wa chanya. Kutoka kwenye shina la plagi, rizista ya pili inakwenda kwenye waya wa hasi. Wavu unachomewa kwenye shina moja kwa moja. Upande wa DB25 wavu umekatwa na kufunikwa kwa mpira, na pini za eathi zimebaki tupu.

Rizista ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayolinda ibada. Tumejaribu kwanza bila rizista: ncha na pete pamoja, waya moja kwa moja hadi DB25. Sauti ilipita vizuri. Kisha tukagusanisha chanya na eathi kule mwisho, kama inavyotokea waya ukibanwa na mguu wa meza. Chaneli ikanyamaza ukumbini papo hapo, kwa sababu ule mguso umeizamisha sauti ya mikseri yenyewe. Kwa omu 1,000 njiani, mguso uleule unapunguza sauti ya ukumbini kwa desibeli 1 na kidogo tu: inseti inatoa sauti kwa ukinzani wa takriban omu 150, na 1,000 kwa 1,150 ni desibeli 1.2. Hakuna mtu kwenye benchi atakayegundua.

Rizista ya pili, ile ya hasi, haizuii mguso wowote. Kazi yake ni kufanya chanya na hasi viwe na ukinzani unaokaribiana kuelekea rekoda. Pembejeo ya rekoda inachukua tofauti ya waya hizo mbili, na mvumo ulioingia sawasawa kwenye zote unafutika. Ukiweka rizista upande mmoja tu, mvumo hauingii sawasawa, basi haufutiki sawasawa. Kwa njia hii tunapata sehemu kubwa ya faida ya waya wa balansi (wenye chanya na hasi zinazofuta mvumo hivyo) kutoka kwenye inseti ambayo si ya balansi. Gharama yake ni chini ya desibeli 1 ya nguvu ya sauti, na sauti nyembamba haziathiriki kwa urefu wa mita 5.

Plagi mbili za makundi hazina daraja wala rizista: ncha kwa chanya, pete kwa hasi, shina kwa wavu.

Pini za DB25 zinafuata mpangilio wa kampuni ya Tascam, ambao baadaye ulifanywa kanuni kwa jina la AES59. Chanya na hasi kwa kila chaneli: ya 1 ni 24 na 12, ya 2 ni 10 na 23, ya 3 ni 21 na 9, ya 4 ni 7 na 20, ya 5 ni 18 na 6, ya 6 ni 4 na 17, ya 7 ni 15 na 3, ya 8 ni 1 na 14. Pini ya 13 haitumiki. Yamaha wana mpangilio wao tofauti kwenye vifaa vyao vyenye DB25, kwa hiyo msiazime waya uliotengenezwa kwa kifaa kingine bila kuupima.

Angalizo la kuchomea: namba za pini ukiangalia usoni ni kinyume cha zile unazoziona upande wa kuchomea. Zimechapwa kwenye plastiki kwa herufi ndogo sana, na tochi ya simu ikiwekwa ubavuni inazionyesha. Anza na safu ya mbali, kata mpira wa kubana kabla, na usikae na moto kwenye pini zaidi ya sekunde 3, plastiki inalainika na pini inahama.

Skrubu za kubana DB25 pia zilisumbua. Rekoda ina uzi wa inchi, 4-40, na vifuniko vilikuja na skrubu za M3. Zinaingia mzunguko mmoja na kukwama. Msilazimishe, uzi wa kwenye rekoda ndio utakaoharibika. Tumebadilisha skrubu.

Wiki ya 2, Jumatatu: maltimita

Hakuna waya uliogusa mikseri kabla ya kupimwa. Kwa kila plagi ya inseti, majibu sahihi ni haya: ncha hadi pini ya chanya, omu 1,000, pete hadi pini hiyohiyo, omu 1,000, shina hadi pini ya hasi, omu 1,000, ncha hadi shina, hakuna mawasiliano, pini ya chanya hadi kila pini nyingine ya DB25, hakuna mawasiliano.

Makosa mawili. Plagi ya 6 ilionyesha sifuri kati ya ncha na shina: mguu wa rizista ulikuwa umegusa tumbo la chuma plagi ilipofungwa. Wazi ilipima vizuri, ikifungwa inagusa. Kwa hiyo pimeni plagi ikiwa imefungwa, na mtikise waya wakati mnapima. La pili, treki 13 na 14 zilibadilishana, chaneli ya 5 na ya 6 za DB25 ya pili. Waya wa jozi 8 una rangi zinazokaribiana, kahawia na nyekundu chini ya taa ya usiku ni kitu kimoja. Sasa kila jozi ina namba ya karatasi kabla ya kuchunwa.

Jumanne: viwango

Mlio wa hezi 1,000 kutoka kwenye simu umeingizwa chaneli baada ya chaneli, gaini imepandishwa mpaka mita ya mikseri isome 0. Inseti inatoa karibu 0 dBu (kipimo cha nguvu ya sauti kwenye waya) hapo. Rekoda inafika kikomo chake kwa +20 dBu, basi tulitarajia desibeli 20 chini ya kikomo, na kwa rizista zetu imesoma 21. Treki zote 14 ziko ndani ya nusu desibeli. Kinanda kupitia makundi kimekuja juu kwa desibeli 4, tumekishusha kwenye feda za makundi.

Ishirini na moja inaonekana chini kwa mtu aliyezoea mita zijae. Kwa biti 24 hakuna hasara yoyote. Kelele za mikseri yenyewe ziko juu zaidi ya kelele za rekoda, na nafasi hiyo inahitajika: kwaya ikifika kiitikio cha mwisho vilele vinapanda desibeli 12 hadi 15 juu ya wastani.

Onyo kwa wenye rekoda ndogo za mezani: nyingi zinapokea kiwango cha -10 dBV, ambacho kiko chini ya +4 dBu kwa karibu desibeli 12. Sauti itapasuka kwenye rekoda wakati mita ya mikseri bado ni ya kijani. Tafuteni swichi ya kiwango cha laini, na isipokuwepo, pembejeo ishushwe kabisa na mpime upya.

Alhamisi: mvumo

Gaini zote chini, mikseri na rekoda zimewashwa, hefoni kwenye rekoda. Mvumo kwenye treki zote, desibeli 58 chini ya kikomo, mwingi ukiwa wa hezi 50. Chanzo kimepatikana kwa dakika chache: rekoda ilikuwa kwenye ekstensheni ya nyaya mbili, isiyo na eathi. Kwa kuwa tumekata wavu upande wa DB25, rekoda haina njia nyingine ya kupata eathi isipokuwa plagi yake ya umeme. Bila hiyo inaelea, na umeme mdogo unaovuja kwenye transfoma yake unaingia kwenye pembejeo zote. Imehamishiwa kwenye soketi ileile ya mikseri, yenye eathi. Treki 15 zimeshuka hadi 87 chini ya kikomo.

Iliyobaki ni treki ya 5, besi, 51 chini ya kikomo, mlio mkali wa hezi 100 na juu zaidi. Hapa kuna kipimo cha haraka: chomoa waya wa inseti, sikiliza chaneli hiyo kwenye hefoni za mikseri. Mvumo ukibaki, rekoda haihusiki. Ulibaki. Amplifaya ya besi ina eathi ya jukwaani, mikseri ina eathi ya nyuma ya ukumbi, na DI boksi ilikuwa imezifunga pamoja. Swichi ya kukata eathi kwenye DI boksi imebonyezwa, treki imekaa 84. Mvumo huo ulikuwepo ukumbini siku zote, umezoeleka tu.

Mtu yeyote asikate eathi ya plagi ya umeme ili kuondoa mvumo. Mpiga gitaa ana mkono mmoja kwenye nyuzi na mdomo kwenye maiki. Eathi hiyo ndiyo inayomlinda.

Ijumaa: kadi na umeme

Tunarekodi kwa biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde, kwa sababu kamera za video zinatumia 48,000. Treki moja ni baiti 144,000 kwa sekunde. Treki 16 ni megabaiti 2.3 kwa sekunde, gigabaiti 8.3 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 inatosha saa 3 na dakika 50. Ibada yenye matangazo na mnada wa mavuno inaweza kukaribia hapo, kwa hiyo kadi ya pili imewekwa mfukoni mwa rafu.

Rekoda imewekwa iandike faili moja kwa kila treki. Ikiandika zote 16 kwenye faili moja, kikomo cha gigabaiti 4 kwa faili cha FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye kadi, kinafikiwa kila baada ya dakika 31. Kasi ya kadi si tatizo, kadi ya daraja la 10 inaahidi megabaiti 10 kwa sekunde. Tatizo ni kadi bandia, zinazojitangaza 32 na ndani zina 8. Kadi zote mbili zimejazwa na kusomwa upya kwa programu ya H2testw kabla ya kuaminiwa, kisha zimeformatiwa ndani ya rekoda yenyewe.

Jaribio la kukata umeme: tumerekodi dakika 10 na kuchomoa. Sauti ya ukumbini imebaki ilivyo. Baadhi ya rekoda zina vilindio kwenye pembejeo vinavyokwaruza sauti ya mikseri zikiwa zimezimwa, na rizista zimesaidia hapa pia. Lakini faili za dakika hizo 10 hazikufunguka, maana urefu wa faili huandikwa rekodi inaposimamishwa. Sasa rekoda na mikseri ziko kwenye UPS (betri inayoshika umeme ukikatika), muda wa kutosha jenereta kuwaka.

Wiki ya 3, Jumapili: ibada ya kwanza

Treki 16, saa 2 na dakika 47, hakuna iliyokatika wala kupasuka. Yaliyojitokeza:

Gaini ya soprano ilipandishwa katikati ya wimbo wa pili. Rekodi ina ngazi inayosikika, imesawazishwa kwa mkono kwenye kompyuta. Utepe mwekundu umebandikwa juu ya safu ya gaini, na makubaliano ni kuwa gaini inaguswa wakati wa kupima sauti tu.

Mvua ya Machi ilishuka juu ya bati wakati wa mahubiri. Treki ya 14, ya waumini, ikawa mvua tupu. Kichujio hakisaidii, kelele ya bati imeenea kutoka sauti nzito hadi nyembamba. Kinachosaidia ni umbali: maiki za kwaya zilizokuwa sentimita 60 zimesogezwa hadi 30, na hiyo ni desibeli 6 za waimbaji dhidi ya mvua ileile. Zimeanza pia kusikia nani yuko mbele na nani nyuma, mwalimu wa kwaya amepanga safu upya. Radi ikisogea karibu, rekoda inachomolewa ukutani na ibada inaendelea bila hiyo.

Kamera na rekoda hazikwenda sambamba hadi mwisho. Saa za vifaa viwili zikitofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, ndani ya saa moja ni sekunde 0.18, na midomo inaonekana kuachana na maneno. Makofi mawili mbele ya kamera mwanzoni na mawili mwishoni yanatosha kupima tofauti na kunyoosha treki.

Wiki ya 4: yanayoendelea

Waya umefungwa kwenye mguu wa rafu kwa vibano viwili, ili mvuto usifike kwenye DB25. Pazia la kitambaa limeshonwa kwa ajili ya vumbi la kiangazi. Kwa Juni na Julai, rekoda ikitoka stoo asubuhi ya baridi itakaa ukumbini nusu saa bila kuwashwa, unyevu ukauke kwanza.

Plagi ya 11 imeanza kukatakata ukiipinda. Chaneli ya besi ya kwaya haikuonyesha chochote ukumbini, treki peke yake ndiyo ilikuwa na mapengo. Itachomewa upya Alhamisi, pamoja na plagi 2 za akiba.